Hiyo ni ya Zamani

Likasi niliyokulia, huko Kongo, karibu kila nyumba ya mfanyakazi ilikuwa na picha ukutani. Si picha za kuchapishwa. Zilichorwa kwa mkono na vijana waliopita mlango kwa mlango mwisho wa mwezi, wakijua mishahara ya Gécamines, kampuni ya migodi, imeshatoka. Nyumba nyingine ziliweka mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki anayemtajirisha mtu kisha akamdai roho. Nyingine zilikuwa na simba akimrukia swala, au kijiji chenye mto na mitende na jua linalozama. Kwetu ilining'inia Colonie Belge, yaani Koloni la Ubelgiji, jina ambalo hata bibi yangu, asiyejua Kifaransa, alilitamka bila kujikwaa.

Niieleze, maana aliyeiona moja ameona mamia. Ni ua wa gereza. Nyuma kuna jengo la matofali na bendera ya buluu yenye nyota ya dhahabu. Katikati mfungwa amelazwa kifudifudi, suruali imeshushwa, na askari mweusi mwenye kofia nyekundu amemsimamia, kiboko kiko juu. Pembeni Mzungu wa kaputula na kofia ya jua anavuta kiko. Wafungwa wengine, wenye mavazi ya mistari ya njano na nyeusi, wanabeba mizigo na hawageuki. Kwenye kona mwanamke ameleta chakula, analia. Mchoraji wetu alikuwa hodari wa matofali, kila moja alilipa mstari wake wa chokaa, lakini miguu ilimshinda. Viatu vya yule askari vyote viwili vilikuwa vya mguu wa kulia.

Mama hakuitaka. "Wenzako wananing'iniza Bikira Maria," alimwambia baba siku ilipoingia, "wewe unaning'iniza kipigo." Na hesabu aliijua: fedha ile ilikuwa ya unga. Baba hakujibu. Alikuwa fundi wa Shituru, kiwanda kinachotoa shaba kwenye mawe kwa kutumia asidi, na ovaroli zake zilirudi nyumbani na vitundu vidogo vidogo mapajani, pale palipodondokewa. Mama aliviziba kwa viraka, na viraka navyo vikatoboka.

Kazi ya picha ile niliielewa kwa kukaa sakafuni na kusikiliza. Mgeni anakuja, anapewa kiti, anafunguliwa bia. Macho yanakwenda ukutani. Anaanza na babu yake, aliyechapwa kwa kuchelewa kazini, au kwa kodi. Baba anaongeza la baba yake. Kufika chupa ya pili mazungumzo yameshavuka bila mtu kutangaza: mshahara uliochelewa, jirani aliyechukuliwa usiku, askari wa kizuizi cha njia ya Lubumbashi anayetaka cha kwake. Ilikuwa miaka ya 1970. Nchi iliitwa Zaire, mkoa wetu wa Katanga uliitwa Shaba, Rais Mobutu alikuwa kila mahali, na sentensi moja ikimfikia asiyestahili kuisikia ingeweza kumpoteza mtu. Akiingia mwenye beji ya chama kifuani, baba alinyoosha kidole kwenye picha, akasema, "Ile ni ya zamani, citoyen." Beji ikakubali. Ingekataaje? Wabelgiji walikuwa wameshaondoka.

Tshibumba Kanda Matulu nilikuja kumjua nikiwa mtu mzima, Dar es Salaam, kupitia kitabu nilichoazimwa na rafiki. Alizaliwa mwaka 1947 mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa wazazi waliotoka Kasai. Shule ya sanaa hakuiona. Aliishi kwa kuchora na kuuza katika miji yetu ya shaba, juu ya vitambaa vya magunia ya unga, na Colonie Belge alichora nyingi, kwa kuwa ndizo zilizoleta bukari, ugali wetu, mezani. Lakini alikuwa na jambo kubwa zaidi kichwani. Mwaka 1973 alikutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha chuo kikuu Lubumbashi, akamweleza kwamba yeye ni mwanahistoria na kwamba yuko tayari kuichora historia ya nchi nzima. Wakaelewana. Akachora picha zaidi ya 100, akizileta fungu kwa fungu na kulisimulia kila fungu kwa Kiswahili mbele ya kinasa sauti. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilitoka mwaka 1996. Picha zenyewe ziko Amsterdam, katika jumba lililoitwa Tropenmuseum hadi mwaka 2023. Habari za mchoraji zilikatika mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Kiingereza changu ni cha kuombea maji, nilikisoma kitabu kile na kamusi mkononi. Hata hivyo chini ya Kiingereza nilisikia kwetu. Nilisikia namna mtu wa Lubumbashi anavyojenga hoja: anarudi nyuma, anakuuliza kama umeelewa kabla hajasonga, anakutega kidogo. Tshibumba hakujifanya alikuwepo kila mahali. Palipokuwa na alichosoma alisema amesoma, palipokuwa na la wazee alisema la wazee, na pale alipowaza mwenyewe alidai haki ya kuwaza.

Mfululizo unaanzia kwa mababu na kufika kwa Mobutu. Msomaji wa Tabora atamkuta ndugu yake humo: Msiri, aliyetoka Unyamwezi akajenga dola Bunkeya, na ambaye aliuawa mwaka 1891 na afisa wa Kibelgiji, Omer Bodson. Yumo nabii Simon Kimbangu. Umo mgomo wa Desemba 1941, wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière walipodai nyongeza katikati ya vita kuu, wakakusanyika uwanja wa mpira Elisabethville, na askari wakawafyatulia risasi. Kwenye daftari langu la shule mgomo huo haukuwepo. Nyumbani ulikuwepo, kwa sauti ya chini, na sasa nikauona kwa rangi umeandikwa tarehe kabisa na mtu ambaye hakuwa na cheti cha kumruhusu.

Watu wakisikia mchoraji amejifunza mwenyewe huwaza mtu aliyejifungia chumbani hadi kipaji kikamshukia. Wazungu wa sanaa wana tabia ya kumsifu mtu wa namna hiyo kwa utoto wake, kana kwamba hajui anachofanya. Mimi nimeishi kwa brashi, najua si hivyo. Elisabethville hiyo hiyo, mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji, na humo wakatoka watu hodari kweli: Pilipili Mulongoy, Bela, Mwenze Kibwanga. Bela alichora kwa ncha za vidole. Ndege wao, samaki wao, nyoka wanaomeza mayai, ni vitu vya kupendeza, na mpaka leo nikiona samaki wa Pilipili nasimama. Ila karakana ilikuwa na mlezi mmoja, na mnunuzi mkuu alikuwa Mzungu aliyetaka Afrika isiyo na mgodi. Ndege hamkumbushi mtu mshahara wake. Tshibumba na wenzake walilelewa na wanunuzi, na wanunuzi wao walikuwa watu kama baba.

Nilijua malezi hayo yakoje. Nilipomaliza shule, kazi hakuna, nilianza kuandika mabango ya vinyozi na maduka pale Likasi, na jioni nikawa nachora za kuuza. Kazi inaanza na gunia. Magunia ya unga ya wakati ule yalikuwa ya pamba. Unafumua mshono, unalifua mpaka maandishi ya kiwanda yafifie, unalivuta kwenye fremu ya mbao na kulipigilia misumari midogo. Unalipaka gundi iliyochanganywa na rangi nyeupe ya ukuta, mkono wa kwanza mwepesi ili kitambaa kinywe, wa pili mzito. Likikauka unalipiga kidole, likilia kama ngoma liko tayari. Unaanza na mbingu, kwa sababu mbingu inakula rangi nyingi na haina ubishi. Unashuka na ardhi, unasimamisha nyumba, watu ni mwisho, na nyuso ni mwisho wa mwisho. Anayeogopa nyuso huwageuza watu. Ukiona picha ya Katanga ambayo wafungwa wote wamekupa kisogo, usitafute falsafa, huenda fundi alikuwa na haraka.

Colonie Belge yangu ya mwanzo niliichora kwa kuiga ile ya nyumbani, viatu nikavirekebisha. Nikaisimamisha nje ya banda. Mzee mmoja aliyewahi kuwa askari wa Force Publique, jeshi la mkoloni, akapita, akaitazama, akacheka. Akaniambia askari hasimami hivyo. Anasimama ubavuni, mguu mmoja mbele, goti limelegea, la sivyo kiboko kinamrudia mwenyewe usoni. Akanionyesha, kwa fimbo yake ya kutembelea, hapo barabarani, watu wakipita. Akaendelea kunionyesha hata baada ya mimi kuelewa. Nikafuta, nikachora upya kama alivyosema, na kesho yake akaja kuinunua. Nilimfungia kwenye gazeti. Mpaka leo sijui mwalimu gani wa chuo angenifundisha kitu kile, na sijui yule mzee aliitundika wapi nyumbani kwake, juu ya kiti cha nani.

Ndiyo maana nasema shule ile ilikuwa kali. Ukikosea bendera unaambiwa. Ukimpa mwanamke wa kwenye kona viatu virefu, akina mama wanakuzomea: mwaka ule nani alikuwa navyo? Wateja wanapinga kwa kuwa wao ni mashahidi, na fedha iko mfukoni mwao. Lakini shule hiyo ina ubovu wake, nao usifichwe. Mteja anataka ile aliyoiona kwa jirani. Ukitoa jipya anazunguka, anasifu, ananunua la zamani. Nimechora jua linazama mpaka nikalichukia jua. Tshibumba naye alikuwa na familia ya kulisha, akarudia picha zilezile miaka na miaka, na nyingine, tuseme ukweli, amezipitia haraka tu. Mfululizo wake mkubwa ulihitaji mtu mmoja aliyekuwa tayari kununua asichokijua. Mtu huyo akawa mgeni, na ndiyo sababu leo mtu wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, akitaka kuiona historia aliyochorewa anahitaji viza.

Mwaka 1992 tukafukuzwa Likasi. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki hawakuisikia habari hiyo, maana Zaire ilikuwa na habari nyingi mbaya kwa mpigo. Viongozi wa mkoa walikuwa wamewatangazia watu kwamba shida zao zinatokana na wenye asili ya Kasai, nasi tulikuwa wa asili ya Kasai. Babu aliletwa na kampuni ya migodi, baba akazaliwa Katanga, nami nikazaliwa Katanga, na Kasai yenyewe sikuwahi kuikanyaga. Waliokuja kututoa walikuwa vijana wa mtaa wetu. Baadhi yao niliwahi kuwaandikia majina kwenye jezi. Mmoja baba yake alikuwa amekunywa bia nyingi tu chini ya picha ile. Tukalala stesheni na maelfu ya wengine tukisubiri treni ya kwenda kusikojulikana. Mama alibeba cherehani, baba alibeba godoro, mimi nilibeba masufuria na brashi zangu. Picha ikabaki ukutani. Hakuna aliyeitaja.

Kwa hiyo nilipofika, kwenye kitabu kile cha Tshibumba, kwenye picha ya kifo cha Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, sikuisoma kama anavyoisoma mtu wa makumbusho. Ni usiku wa tarehe 17 Januari 1961, porini karibu na Elisabethville. Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito wamelala chini. Kwa nyuma misalaba mitatu. Damu inamtoka Lumumba ubavuni, inatiririka kwenye ardhi, na inapotiririka inaandika neno la Kifaransa: unité. Umoja. Tshibumba hakuficha alichokusudia, alimwona Lumumba kuwa Yesu wa Zaire.

Kwa kawaida sipendi neno likiandikwa ndani ya picha. Mara nyingi ni mchoraji amechoka kuchora. Chéri Samba wa Kinshasa, naye aliyeanzia mabango ya mtaani, hujaza maandishi hadi pembeni na anatoboa, kwa kuwa ana utani na hujicheka mwenyewe kwanza. Wengi wanaomuiga wanahubiri tu. Lakini neno lile la damu nilikaa nalo. Katanga ilipojitenga chini ya Tshombe, Waluba wa Elisabethville, wakiwemo wa asili ya Kasai, walikimbilia kambini chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa, kwa maelfu. Tshibumba alikuwa kijana wa miaka kumi na minne hivi. Mtoto wa Kasai aliyezaliwa Katanga anajua umoja ni kitu gani, kwa sababu anajua unapovunjika anaanza kuhamishwa nani. Alichora onyo miaka karibu ishirini kabla ya stesheni yetu. Picha za namna ile zilikuwa ukutani Likasi, Kolwezi, kila mahali, na watu walizitazama wakila. Hazikuzuia kitu. Nasema hivyo kwa sababu nimewasikia wasomi wakizungumza juu ya sanaa kama dawa. Picha ya baba ilituwezesha kuzungumza, na kuzungumza kulikuwa kukubwa kwa wakati ule. Zaidi ya hapo sikuona.

Dar es Salaam niliingilia Tunduma, baada ya kupita Zambia. Kwa kuwa mkono ndio cheti changu, niliulizia wachoraji, nikapelekwa Oysterbay, Morogoro Stores, kwa watu wa Tingatinga. Walinipokea vizuri. Edward Saidi Tingatinga naye hakusomea. Alianza mwaka 1968 kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya hadibodi, akafa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Wafuasi wake wana mikono ambayo naionea wivu. Chui anatoka mbele yako kwa nukta nukta. Wapo waliochora hospitali, Ukimwi, waganga, mambo ya watu. Lakini kila nilipoingia nyumba ya Mtanzania nilitazama ukutani nikakuta kalenda. Chui alikuwa ameshapanda ndege. Silaumu, watoto lazima wale. Nililojifunza ni kwamba mahali picha itakapotundikwa ndipo panapoamua imchore nani, na hilo linaamuliwa kabla hujanunua rangi.

Nikarudi kwenye mabango. Vinyozi, mama lishe, gereji, mabasi madogo. Mashine za kuchapa mabango ya plastiki zilikuwa bado hazijatumaliza. Ndipo mwenye baa mmoja wa Mbagala akaniambia ukuta wake mtupu unamchosha, nimchoree chochote ila si mnyama. Nikamchorea foleni ya maji. Madumu ya njano kuanzia ukingo mmoja hadi wa pili, akina mama wa kanga, mtoto amesinzia juu ya dumu lake. Mbele kabisa, kwenye bomba, mtu mnene wa suti ameleta pipa zima, na kijana anamjazia huku akimwinamia. Sikumpa sura ya mtu yeyote. Nilimpa tumbo, saa ya mkononi, na kile kitambaa cheupe cha kujifutia shingo.

Wiki ile ile alikuwa na majina matano. Kila mteja alimtambua wa mtaani kwake. Waliotoka mikoani walimtambua wa mkoani. Wakabishana, wakanywa, mwenye baa akafurahi. Kisha kiongozi mmoja wa eneo akaja, akaketi, akaitazama muda mrefu, akauliza huyu ni nani. Mwenye baa hakubabaika hata kidogo. "Hiyo Kongo, mheshimiwa. Si unamwona mchoraji mwenyewe, Mkongo?"

Nilikuwa nimekaa kaunta. Nilicheka, kwa kuwa nilimsikia baba. Baba alijikinga na wakati, huyu akajikinga na mpaka. Halafu kicheko kikaniishia. Baba aliposema ni ya zamani, kila aliyekuwa chumbani alijua anakwepa, pamoja na mwenye beji. Pale Mbagala nusu ya baa ilikubali kweli. Walitikisa vichwa kuihurumia Kongo, wakati madumu yao wenyewe yamepangwa nje. Kinga ya Tshibumba na wenzake ilifanya kazi kwa sababu zamani ile ilikuwa ya watazamaji, iliwauma wao. Ukisukuma ubaya kwa jirani, watu wanapumzika. Tangu hapo picha zangu naziwekea kitu kisichosafirishika. Iliyofuata niliichorea daladala nyuma ya foleni, imeandikwa Mbagala–Kariakoo, na konda ananing'inia mlangoni. Mwenye baa aliilipia bila kupunguza bei. Akaitundika stoo, juu ya makreti.

Kuna jambo jingine katika picha ya Lumumba ambalo lilinichukua miaka. Si kweli. Maiti zile hazikubaki ardhini na damu yao. Tunajua hivyo hasa tangu mwaka 1999, kitabu cha Mbelgiji Ludo De Witte kilipotoka na afisa wa zamani wa polisi, Gerard Soete, alipokiri: waliwafukua, wakawakatakata, wakawayeyusha kwa asidi. Bunge la Ubelgiji likaunda tume, na mwaka 2001 ikakubali kwamba baadhi ya mawaziri wa Ubelgiji wa wakati ule na Wabelgiji wengine walikuwa na dhima ya kimaadili. Asidi, kwa mtoto wa Shituru, ni kitu kinachojulikana. Najua inavyonuka kwenye nguo. Baba alikuwa bado hai nilipomsomea habari hizo kwa simu, akakaa kimya, akauliza tu, "Pipa ngapi?" Swali la fundi.

Tshibumba alichora kabla hayo hayajasemwa hadharani. Mwanahistoria wa chuo atamhesabia kosa. Mimi naona alifanya kitu ambacho wauaji walikuwa wamekizuia makusudi. Walitaka pasiwe na mwili, pasiwe na kaburi, pasiwe na mahali pa watu kukaa chini na kulia. Yeye akauweka mwili chini, akauwekea jeraha, akauwekea misalaba nyuma ili mtu wa kawaida ajue ashike adabu gani mbele yake. Halafu akaurudia kwa kila aliyeutaka kwa bei ya chini. Sijui msiba mwingine uliowahi kuhudhuriwa sebuleni kwa namna hiyo.

Juni 2022 Ubelgiji ikarudisha kilichobaki, jino moja, ambalo Soete alikuwa amejichukulia. Likawekwa ndani ya jeneza, likazungushwa nchini, Lubumbashi pia, likazikwa Kinshasa tarehe 30, siku ya uhuru. Kinyozi mmoja Mkongo wa Kinondoni akanipigia. Alitaka picha, baina ya vioo viwili, na alitaka jino lionekane.

Jino ni kitu kibaya kuchora. Likiwa dogo halionekani, likiwa kubwa watu wanadhani ni tangazo la daktari wa meno, na kinyozi hakutaka biashara ya mtu mwingine ukutani kwake. Mwishowe nilichora mkono wa mzee wa Kizungu, mishipa imetuna, umeshika kijisanduku kilichofunguliwa kidogo, na mbele yake foleni ya watu waliovua kofia, wa kwanza ameinama kuchungulia. Jino lenyewe ni nukta ya rangi nyeupe yenye njano kidogo. Nilitumia muda mrefu zaidi kwenye mkono kuliko kwenye watu wote.

Siku ya kuitundika niliketi kunyolewa, bure, kama tulivyokubaliana. Mteja wa kiti cha pili, Mtanzania, akauliza huo mkono ni wa mfalme wao? Kinyozi akasema ni wa polisi. Kijana wa Bukavu akaruka: mkono mmoja tu? Na waliomkamata? Na waliompakia ndege kumpeleka Katanga? Hao walikuwa Wazungu? Mzee aliyekuwa akisubiri gazeti likiwa gotini akasema bila kuinua macho kwamba Tshombe alikuwepo usiku ule, na Tshombe hakuwa Mbelgiji. Mmoja akamtetea Tshombe, akafokewa. Kinyozi akaacha mashine inanguruma hewani, kichwa changu kimebaki nusu, akaniuliza kama kwenye ile kona ya kulia naweza kuongeza mtu.

Nikamwambia naweza, ila kila kichwa ni elfu ishirini, na rangi ya ngozi nitanunua upya. Wakachanga hapo hapo, hata yule Mtanzania alitoa. Fedha zikatosha kichwa kimoja. Nilipoondoka, nimeshamaliziwa upande wa pili, walikuwa bado hawajakubaliana kiwe cha Tshombe au cha Mobutu.